Nihofu Kubaki na Uwanja Mtupu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyuma ya nyumba yangu pana eneo la mita 8 kwa 10 ambalo kwa miaka mingi nimelijaza kila mche nilioupenda, vyungu vya rangi zote na vijia vinavyopindapinda. Sasa natamani bustani ya kisasa, sahili na yenye utulivu, lakini nachelea kwamba nikiondoa vitu vingi patafanana na maegesho ya magari. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi, kwa kuwa bustani nyingi zinazoitwa za kisasa huishia kuwa sakafu ya zege yenye chungu kimoja pembeni. Kabla ya kung'oa chochote, keti pale unapoketi mara nyingi, uangalie jicho lako linatua wapi. Lisipotua popote, basi kila mmea unadai kutazamwa peke yake, na hapo ndipo utulivu unapopotea.

Teua kitu kimoja cha kutazamwa, kiwe mti mdogo wenye matawi mazuri, jiwe kubwa au beseni la maji, na vingine vyote vikitumikie hicho. Punguza aina za mimea hadi nne au tano, kisha panda kila aina kwa kundi, kwani majani marefu ya aina moja yaliyosongamana huinama pamoja upepo unapopita, na macho huyaona kama kitu kimoja. Kwa sakafu, mawe bapa na kokoto za rangi inayokaribiana na ya ukuta zinatosha.

Kuhusu utupu unaouogopa, fikiria bustani ya hekalu la Ryoan-ji mjini Kyoto, Japani, yenye mawe 15 tu juu ya changarawe iliyochanwa kwa reki. Hakuna anayeiona kuwa uwanja uliosahauliwa, na kwa maoni yangu sababu kubwa ni ukuta mfupi wa udongo unaoifunga, ambao huufanya utupu wa ndani uonekane umekusudiwa. Nawe fanya vivyo hivyo: zungushia eneo lako ua wa mimea isiyopukutisha majani, uupogoe unyooke, na kingo za vitalu ziwe wazi. Nimeona bustani zenye mimea michache sana zikipendeza kwa sababu ya kingo hizo tu.

Njia iwe moja, iliyonyooka, yenye upana wa mita 1.2 ili watu wawili watembee sambamba, na sakafu iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mbali na nyumba, maji yasituame ukutani. Vitalu vifunike kwa matandazo, yaani majani makavu au magome yanayotandazwa juu ya udongo, ya unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiyogusa mashina.

Usiyatende yote kwa siku moja. Anza kwa kuhamisha vyungu vyote kwa wiki mbili, kisha urudishe vile tu ambavyo umevikosa kwa dhati.