Usisubiri Mishipa Itutumke Ndipo Uitazame Miguu Yako

Msomaji mmoja ameniuliza iwapo miguu inayovimba kila jioni na kunywea kufikia asubuhi ni jambo la kumpeleka kwa daktari, au ni uchovu tu wa mtu anayeshinda amesimama. Namjibu hadharani, kwa sababu neno hilo la "uchovu tu" ndilo nililoambiwa mimi, mwalimu wa kusimama mbele ya ubao kutwa nzima, na niliishi nalo miaka mingi hadi ngozi ya mguu wangu ikafunguka kidonda.

Vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zina vali ndogo zinazozuia damu isiteremke tena, na misuli ya shavu la mguu huisukuma damu hiyo juu kila tunapopiga hatua. Vali zikilegea, damu hutuama, shinikizo hupanda, na maji huvuja na kujaa chini ya ngozi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wakati maumivu yanapokuja hueleza mengi kuliko ukali wake: miguu yangu ilikuwa myepesi alfajiri, ikawa mizito kama magogo jioni, na ilipata nafuu nilipolala nikiwa nimeiinua juu ya mito.

Baadaye soksi zilianza kuacha mfereji kuzunguka mguu, na nilipobonyeza ugoko kwa kidole gumba shimo lilibaki kwa muda. Usiku misuli ilikaza. Kisha likaja doa la rangi ya kahawia upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo, likiwasha, na ngozi yake ikawa ngumu na yenye kung'aa. Doa hilo hutokana na chembe za damu zinazovuja na kuacha madini ya chuma kwenye ngozi, lakini aliyenihudumia hakuinama hata kulitazama; aliniandikia dawa ya fangasi na kuniambia kwamba umri umeingia. Jambo hilo bado linaniuma moyoni, kwa kuwa mishipa iliyotutumka sikuwa nayo, na kukosekana kwake ndiko kulikomfanya anipuuze.

Daktari mwingine alinipima kwa ultrasaundi nikiwa nimesimama, akanionyesha damu ikirudi chini, jambo ambalo likizidi nusu sekunde katika vena za juujuu huhesabiwa kuwa kasoro. Nilifungwa bendeji za kubana, na mwezi uliopita kidonda kilifunga kabisa. Nimefurahi mno, wala sifichi.

Kwa hiyo wewe uliyezaa mara kadhaa, au ambaye wazazi wako walikuwa na shida hii ya vena, au uliyewahi kuganda damu mguuni, vua viatu leo jioni uikague miguu yako kwenye mwanga, hasa pale juu ya kifundo. Tembea, usisimame mahali pamoja, na ukaapo inua miguu. Soksi za kubana usizivae kabla hujapimwa mishipa inayopeleka damu mguuni, kwani ikiwa hiyo imeziba, kubana kunaweza kuunyima mguu damu. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, huo si ugonjwa wa kusubiri miadi: nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ikiwa pumzi inakatika au kifua kinauma, nenda saa hiyo hiyo.