Mvua isiyokatika, na askari asiyeweza kumkamata bosi

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi mpenzi wa muvi za saibapanki, zile za dunia ya baadaye yenye teknolojia kubwa na maisha magumu, ila naona wanaigana tu, kila moja usiku, mvua, taa za neoni. Alafu Blade Runner walisema hiyo ni Los Angeles ya Novemba 2019, mwaka ushapita na magari ya kupaa hatujayaona. Si walichemka tu?

JIBU: Salama kabisa ndugu yangu. Hiyo mvua ina sababu yake. Blade Runner ya 1982 mitaa yake mingi ni ile ya kuigiza ndani ya studio, ilishatumika kwenye muvi kibao, sasa mwongozaji Ridley Scott akapiga usiku, akajaza moshi na mvua ili macho yako yasifike pale jengo linapoishia. Waliofuata wakaichukua ikawa kama sare.

Kwenye vifaa kweli walichemka. Johnny Mnemonic ya 1995, jamaa wa mwaka 2021 anabeba data kichwani, wanamsukumia giga 320 na zinakaribia kumuua, leo hizo zinakaa kwenye kadi ndogo kama ukucha.

Lakini we acha vifaa, angalia nani anamiliki nani. Chukua RoboCop ya 1987, Detroit, polisi wanaendeshwa na kampuni inaitwa OCP, na Murphy, askari aliyeuawa, wamemgeuza nusu mtu nusu mashine. Anaenda kumkamata Dick Jones, mkubwa wa hiyo kampuni, na mwili unamgomea palepale, kumbe wamemwekea amri ya siri asimguse kigogo yeyote wa OCP. Mwishoni anaonyesha ushahidi wa video kwamba Jones ni muuaji, mbele ya bodi nzima, kila mtu kaona, na bado mkono hauwezi kufanya kitu mpaka mzee mwenye kampuni atamke kwamba Jones kafukuzwa kazi. Ndo Murphy anasema asante, anafyatua. Yaani muuaji alikua analindwa na cheo tu! Hapo mi sioni kama walichemka hata kidogo, na kila nikiiona inaniuma upya.

Ukimaliza hiyo irudie Blade Runner, safari hii achana na magari, mfuate Roy, kiumbe wa kutengenezwa aliyepangiwa miaka 4 tu ya kuishi, anavyopanda mpaka chumbani kwa mwenye kampuni iliyomtengeneza usiku kumuomba amuongezee.