Nimeambiwa nimemuumiza mgonjwa, niende kuongea na familia?

SWALI: Dada shikamoo. Mi ni nesi msaidizi, nahudumia wazee. Watoto wa bibi mmoja wameona alama nyeusi mkononi mwake wakasema nimemvuta kwa nguvu, na bibi mwenyewe anasahau sana, leo anasema ni mimi kesho anasema kaanguka. Nimesimamishwa kazi na wanataka maelezo yangu. Nawaza niende kwa hiyo familia tuyamalize, au niache kazi tu?

JIBU: Marahaba, pole mdogo wangu. Kwa familia usiende, usipige simu, wala usimtume mtu. We unataka kujieleza tu ila itaandikwa umetisha mashahidi, na hapo kosa ambalo halikuwepo litakuwepo. Kuacha kazi nako hakuzimi kitu, mara nyingi uchunguzi unaendelea tu, ila sasa hakuna wa kukusemea na watu watasema kakimbia.

Kusimamishwa sio kuhukumiwa. Tuhuma kama hii lazima iripotiwe, na mi naona ni sawa kabisa maana wapo wazee wanaoumizwa kweli. Kwahiyo usimwite bibi muongo kwenye maelezo yako eti kwa sababu anasahau.

Leo leo kaa uandike ya kwako mwenyewe wakati bado unakumbuka: uliingia zamu saa ngapi, ulimnyanyua vipi, mlikuwa wangapi, ulipomuogesha ngozi ilikuwaje, nani alikupokea. Usichokikumbuka andika hukumbuki, usijazie. Kabla hujasaini chochote omba tuhuma kwa maandishi, kama uko kwenye chama cha wafanyakazi mwakilishi akae na wewe, na polisi wakiingia tafuta mwanasheria kwanza ndo uongee.

Kuhusu hiyo alama, omba waangalie dawa anazotumia. Wazee wengi wako kwenye dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, au aspirini, na ngozi yao imeshakuwa nyembamba, akijigonga kidogo tu kwenye chuma cha kitanda damu inavilia. Na mtu asikudanganye kwamba kwa kutazama rangi atajua alama ni ya siku gani, rangi haisemi hivyo kwa uhakika. Hii haikusafishi, ila inawalazimisha wachunguze vizuri.

Sasa swali gumu: mpango wake wa huduma ulisema anyanyuliwe na watu wangapi? Kama ni wawili na wewe ulimbeba peke yako kwa kuwa mlikuwa wachache (inatokea sana, sote tunajua), sema mwenyewe mapema, maana kwenye orodha ya zamu itaonekana tu.

Faili la mgonjwa usiliguse, kuongeza maneno sasa hivi kwa tarehe ya nyuma ni kughushi, na kulipiga picha ukae nayo kwenye simu ni kuvunja siri ya mgonjwa. Kwenye grupu la wasap la kazini kaa kimya, skrinshoti zinatembea.

Wakikurudisha, omba kwa muda usipangiwe kwa bibi huyo, na ukikuta alama kwa mgonjwa yeyote mwite mkuu wa zamu aione na iandikwe kabla hujaanza kumhudumia.