Kutoka Blues Junior kwenda amplifaya ya valvu yenye uwezo zaidi

Ndugu, nimekuelewa: amplifaya yako ya gitaa, Fender Blues Junior, ni tamu nyumbani, ila ukipiga rumba na bendi yenye drams inaanza kukwaruza, nawe unataka mashine moja ya rumba na roki.

Hiyo si hitilafu. Ina wati 15, valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) mbili za aina ya EL84 na chaneli moja tu, kwa hiyo sauti safi inaisha mapema. Kwa kazi zako mbili mimi ningetazama Hot Rod Deluxe, ya Fender pia: wati 40, valvu za aina ya 6L6, chaneli safi na ya kukwaruza, na matundu ya kuunganishia pedali za mwangwi. Usidhani wati 40 ni kelele karibu mara tatu. Ongezeko ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 4 hivi. Unacholipia ni nafasi ya sauti safi.

Kabla ya kulipa, jaribu spika yenye ufanisi zaidi, yaani inayotoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile. Ikizidi ya sasa kwa desibeli 3, ni sawa na kuongeza wati maradufu. Wengi huishia hapo, na hela inabaki.

Ukiagiza kutoka Marekani, angalia volti. Ya 120 ukiichomeka kwenye 230 yetu utaiunguza. Tafuta transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa kutosha.

Usiiwashe bila spika. Na usiifungue mwenyewe: kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme) hubaki na mamia ya volti hata ikiwa imechomolewa. Mpe fundi anayezijua valvu, si wa redio tu.