Utulivu ule ulioupata ziwani

Mdogo wangu wa Igombe, unauliza kama umechanganyikiwa: mtumbwi wa dagaa ulipinduka usiku, ukameza maji, ghafla hofu ikakatika, ukapata utulivu ambao mpaka leo unautamani. Hujachanganyikiwa. Mimi malaria ilinilaza hoi utotoni. Nilimsikia mama akilia kwa mbali, mwili mwepesi kama unyoya, wala sikutaka kurudi. Nilinyamaza miaka mingi, nikiogopa kuambiwa nimerogwa.

Huko Uholanzi walihojiwa wagonjwa 344 waliozinduliwa baada ya moyo kusimama. Matokeo yalitoka 2001: 62 walikuwa na la kusimulia kuhusu waliyoyapitia wakiwa karibu kufa, kama wewe na mimi. Kama ni ubongo au roho, wataalamu bado wanabishana, waache.

Kinachonitia wasiwasi ni huko kwenda ufukweni usiku peke yako "kuutafuta". Acha kabisa kwa sasa. Mweleze dada yako yote, leo hii. Na kama unatamani kufa ili uurudie, au usingizi umekataa, usisubiri, nenda hospitali ya Bugando, Mwanza, uonane na daktari wa afya ya akili, si aibu.

Siku ukirudi kuvua, vaa laifu jaketi, hata wenzako wakicheka. (Watacheka, nawajua.)