Gari haliwaki mpaka nitikise waya wa betri
Ndugu, kama ukitikisa kile kichwa cha waya gari linawaka, usikimbilie kununua betri. Zima gari, fungua hasi kwanza, kisha chanya. Ule unga mweupe uliochanganyika na kijani kwenye vichwa vya betri usiuguse mikono mitupu, unachoma; vaa glavu na miwani. Mwagia magadi soda na maji ya uvuguvugu. Litatoka povu. Sugua kwa brashi ya waya hadi risasi (madini ya vichwa vya betri) ing'ae, kausha. Rudisha chanya, hasi mwisho, kaza mpaka kichwa cha waya kisizunguke kwa mkono (ukizidisha kinapasuka), paka grisi. Mimi niliwahi kuchomeka kipande cha bati ili waya ubane, kikashika siku mbili tu! Unga ukirudi upesi, au betri imevimba, mwone fundi umeme.