Swichi ya tatu ya 4053 msiiache bure

Wadogo zangu mnaojiundia pedali za gita, kila nikifunguliwa boksi nakutana na ubao ule ule: 4053 katikati (ai-si yenye swichi tatu za kielektroniki ndani), swichi mbili zinafanya baipasi (kuipitisha sauti ya gita bila kuigusa), ya tatu inaelea. Nawapenda, lakini hili limenichosha. Sikilizeni.

1. Kama huna kazi nayo, mguu wa 9, unaopokea amri ya swichi hiyo, uende graundi. Mguu wa amri wa CMOS (aina ya ai-si kama hii) ukiachwa hewani hunasa mvumo wa umeme wa nyumba na kugeuza swichi utakavyo wenyewe. Wa 6 na wa 7 nao waende graundi pamoja na wa 8. Wa 6 ukipanda juu, swichi zote tatu hukatika, halafu mnakuja kulalamika kuwa mmeuziwa ai-si feki.

2. Swichi hiyo msiitumie kuwashia taa ya LED, LED iachieni transista. BC547 moja inatosha.

3. Kazi bora ya swichi ya tatu ni kunyamazisha. Distoshoni yenye geini (ukuzaji) kubwa hailali ukiibaipasi. Inaendelea kunguruma mle ndani na kuvujia kwenye sauti safi. Unganisha miguu ya 9, 10 na 11 itii amri moja. Wa 4 uende kwenye mlango wa ifekti, pale sauti inapoingilia distoshoni. Kama baipasi yako ni amri ikiwa chini, mguu wa 5 uende kwenye volti 4.5 (nusu ya volti 9 za pedali), ikiwa juu, tumia wa 3.

Nimesema volti 4.5, si graundi! Kijana mmoja apigaye solo kanisani aliniletea pedali inayolia "paa!" kila akiiwasha, waumini wanashtuka. Alishabadilisha kitufe, waya, hata adapta. Tukaweka multimita: baipasi ikiwepo, mlango wa ifekti unasoma 0, bafa (saketi inayopokea sauti ya gita) inayoulisha inasoma 4.5. Alikuwa ameupeleka mguu wa 5 graundi. Akikanyaga, mlango unarushwa kutoka 0 hadi 4.5 kwa mkupuo, wakati gita lenyewe hutoa sehemu ndogo tu ya volti moja, na distoshoni inauzidisha mruko huo kabla haujafika kwenye spika. Tuliung'oa mguu wa 5 pale graundi, tukavuta waya mfupi hadi makutano ya zile risista mbili za kilo-ohmu 10 zinazogawa volti 9, penye kapasita ya mikrofaradi 47. Akakanyaga. Sauti ikabadilika, paa hakuna. Akaniuliza mbona hakuna aliyemwambia. Ndiyo maana naandika.

4. Ukitaka geini ya pili badala ya ukimya, mpe mguu wa 9 kitufe chake, swichi iongeze risista kutoka mguu hasi wa op-ampu (ai-si inayokuza sauti) kwenda 4.5 hiyo hiyo. Kumbuka swichi ina ohmu zake mia na ushei: risista ya kilo-ohmu 1 itazihisi, ya 10 haitajali. Na kabla hujalehemu, pima pande zote mbili za swichi. Zikitofautiana hata nusu volti, tafuta sababu kwanza.